Mikono Mapajani

Kenton, London
17 Oktoba 2024

Mama Haika,

Shikamoo. Jumamosi nilikuja kwako na maandazi mkononi kama mjinga, nikabonyeza kengele mpaka kidole kikauma, kumbe mwenzangu umeshapanda ndege. Mwenye nyumba wako ndiye aliyeniambia, "Yule mama amerudi kwao." Kwao! Mimi miaka yote hii nilidhani kwenu ni Neasden. Simu yako ya huku imekufa, ya huko sina, na rafiki yako Poonam, ambaye nina hakika anayo, ameapa kwa Kiswahili chake cha Kisumu kwamba hana. Amenipa sanduku la posta la parokia tu. Basi nakuandikia kwa kalamu, kama tulivyokuwa tukiwaandikia wavulana tukiwa shule ya bweni.

Nataka kukuuliza jambo moja. Umeondoka kwa sababu ya ule mkutano?

Unajua vile nilivyolipigania jambo hili. Tangu nianze kazi Mfuko wa Majirani, misaada ya watu wa Neasden, Kingsbury na Kenton ilikuwa ikigawiwa na watu wachache ndani ya chumba kimoja katikati ya jiji, watu ambao hawajawahi hata kupotea njia wakajikuta kwetu. Mimi ndiye niliyewaambia, waacheni majirani waamue wenyewe. Mimi ndiye niliyesema tufanye kama harambee ya nyumbani: ukumbi mmoja, kila mwenye shida asimame aieleze, halafu watu wainue mikono. Hakuna bahasha, hakuna mlango wa nyuma. Nikatundika hata kitambaa ukutani, Kutoa ni Moyo. Jennifer, bosi wangu, alitokwa na machozi.

Na watu wakaja! Klabu ya mpira ilileta wazazi, wazazi wakaleta mabibi. Bustani ya wazee ikaleta mpaka wenye mikongojo. Wewe ukaja peke yako na kitenge kipya, ukasema maneno machache kuhusu chakula chako cha bure, Meza ya Jumatano, kwamba jiko limechoka na kodi ya ukumbi imepanda, ukaketi. Nikauliza nani anaiunga mkono. Mama, ile mikono ningeweza kuishika yote kwa mkono wangu mmoja. Poonam, Kuldip wa dukani Kingsbury Road, na mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa anajinyoosha tu.

Nilishindwa kukutazama. Nilisoma jina lililofuata haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Mpaka leo nikikumbuka uso unawaka moto.

Lakini kweli, Mama, hao unaowalisha kila Jumatano walikuwa wapi? Nilikwambia ulete watu wako. Mimi sina kura, kazi yangu ni kushika kipaza sauti. Sasa Meza imefungwa. Nilipita wiki jana nikakuta watu wamesimama nje ya ukumbi wakijifanya wanangoja basi, na pale hakuna kituo cha basi.

Mwezi wa pili tunapiga kura tena. Kanisa, wenye ukumbi wako, limesema likikosa kodi hapo, Jumatano watapewa watu wa mazoezi ya viungo, na Meza itakuwa imekwisha kabisa. Rudi. Na ukirudi, usije peke yako.

Wako,
Nyambura


Kibosho, Moshi
6 Novemba 2024

Mwanangu Nyambura,

Marahaba. Barua yako ililetwa na katekista, ambaye aliigeuza geuza kumwangalia mfalme kwenye stempu kabla hajanikabidhi. Nimefurahi. Usihangaike na mimi. Magoti yangu yalikuwa yamechoshwa na ngazi za Neasden, na Haika ana duka lake la daftari na sare za shule hapa, anahitaji mtu wa kukaa nalo akienda mjini. Nauza kalamu, napiga soga. Sikuondoka kwa sababu ya mkutano. Niliondoka kwa sababu ya magoti.

Usijilaumu. Ulisema vizuri na gauni lilikukaa. Ila kwa kuwa umeuliza, nitakwambia jambo moja. Harambee yenu sisi tunaita mchango. Kwenye mchango, anayesimama mbele za watu ni yule anayetoa. Anatajwa jina, anapigiwa makofi, anarudi kukaa na shingo ndefu. Aliyefiwa au mwenye mgonjwa yuko ndani kwake, hakuna anayemwambia asimame aonekane. Wewe mwanangu uligeuza. Mtoaji alikuwa amekaa na mwenye shida akasimamishwa.

Unauliza watu wangu walikuwa wapi. Walikuwepo. Niliwaona, kuanzia mstari wa pili mpaka waliosimama ukutani. Mikono yao ilikuwa mapajani. Ukiinua mkono kwa ajili ya klabu ya mpira, umesema unapenda mpira. Ukiinua mkono kwa ajili ya Meza ya Jumatano, umesema nini? Fikiria.

Huku kahawa imeiva na mvua haikatiki. Msalimie sana mumeo Kibet. Mwambie ale vizuri, baridi ya huko imeshaanza.

Mama Haika


Kenton, London
25 Novemba 2024

Mama Haika,

Shikamoo. Nimefikiria, kama ulivyoniagiza, na kadiri ninavyofikiria ndivyo ninavyopandwa na hasira.

Walikuwepo! Walikaa pale, wakakutazama ukiaibika mbele ya Neasden nzima, mtu aliyewapakulia maharage kwa mkono wake, na hawakuinua hata kidole? Na wewe unawatetea. Mimi nililelewa na mama aliyeuza viazi barabarani Karatina, na alituambia kila siku, mficha uchi hazai. Ukiwa na shida, sema. Ukisaidiwa, sema asante kwa sauti. Aibu gani hiyo inayokula ikashiba halafu ikakosa nguvu ya kuinua mkono? Hiyo si aibu, huo ni unafiki.

Unajua nani alinitia moyo siku ile? Kibet. Nilikuwa nimemwomba aje kunijazia viti. Akaja moja kwa moja kutoka shifti ya kiwanda cha mikate, bado ana jaketi la kazi, akakaa nyuma mpaka mwisho, akainua mkono kwa klabu ya mpira na kwa bustani ya wazee. Mtu asiyehitaji chochote kwa mtu yeyote, amechoka, na bado akaja. Hao ndio watu wa kujenga jamii. Nilimwambia hivyo jana tukila. Nilimwambia pia ninachotaka kukuomba, na yeye akainamia sahani, si unamjua, maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko.

Ninachoomba ni hiki. Nipe majina ya wanaokula Mezani. Nitampigia kila mmoja mwenyewe, nimweleze kwa upole kwamba Februari ni lazima aje, na ni lazima ainue mkono. Naweza kuwa mpole nikitaka. Sitamtangaza mtu. Ni majina tu, Mama, na Meza yako itapona.

Nyambura


Kenton, London
1 Desemba 2024

Mama,

Habari ya huko. Sisi tuko sawa. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko.

Nyambura ameniambia amekuomba majina. Alisema akiwa ananipakulia mchuzi. Nakuomba, Mama, langu usimpe. Nitamwambia mwenyewe. Nimesema hivyo tangu Aprili, kiwanda kilipoleta mashine na kutuambia asante, najua. Kila asubuhi navaa lile jaketi natoka. Siku zingine napata kazi ya kupakua mizigo Park Royal, siku zingine nazunguka tu mpaka saa ya kurudi nyumbani. Yeye anawaambia watu kanisani kwamba mume wake hajawahi kukosa kazi hata siku moja tangu aje Uingereza. Anasema mimi nikiwa nimesimama hapo kando. Sasa utaanzia wapi?

Siku ya mkutano uliniona. Najua uliniona kwa sababu uliangalia pembeni haraka, ili nisione kwamba umeniona. Nilikuwa nimekula kwako Jumatano ya wiki hiyo hiyo, sahani mbili. Mke wangu alipouliza nani anaunga mkono Meza, mikono yangu ilikuwa mizito kama si yangu. Halafu akauliza klabu ya mpira na mkono ukaruka wenyewe. Mimi hata mpira sipendi. Tangu siku hiyo nikijiangalia kwenye kioo nikinyoa, naangalia kidevu tu.

Lakini wacha nikwambie jambo lingine, na usinikasirikie. Mama, kwako hukuwahi kuniruhusu hata kuosha kijiko. Nilijaribu. Ulinipokonya sahani ukasema, "Kwangu mgeni haoshi vyombo." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulitupa chakula miezi na miezi, jembe ukalificha. Tulikuwa tunaingia, tunakula tukiangalia sahani, tunatoka. Gires, yule Mkongo anayesafisha maofisi, nilikaa naye meza moja tangu majira ya joto na sikuwahi kumwuliza jina. Mtu ambaye hajaosha sufuria ya mahali atasimamaje aseme hapa ni petu?

Tulipokuta mlango umefungwa ndipo tukaanza kuongea, kule nje kwenye baridi. Gires amesema anajua kusonga ugali. Mimi nitajifunza. Kuna mama mmoja anasema anaweza chapati. Tunataka kufungua kabla ya Krismasi, maana siku za ukumbi bado ni zako mpaka Februari. Ufunguo uko wapi? Na maharage yako unayaweka nini?

Ni mimi,
Kibet


Kibosho, Moshi
17 Desemba 2024

Mwanangu Kibet,

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika. Nikaiweka chini ya ndoo ya mahindi. Baadaye nikaitoa nikaisoma tena, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, Haika akaniuliza nani kafa.

Ufunguo anao Poonam. Nimempigia, nimemwambia akupe wewe. Sufuria kubwa iko juu ya kabati, pale usipofika bila kiti. Maharage yaloweke tangu Jumanne, kitunguu kingi kuliko unavyodhani, nazi mwishoni moto ukiwa mdogo. Kuldip atakupa vitunguu vile vilivyoanza kulainika, usione haya, vinakaangika vizuri. Usikoroge sana.

Sasa la vyombo. Ni kweli, mwanangu. Nilikuwa najiambia ni heshima, kwetu mgeni hagusi sufuria. Lakini heshima ya siku moja ikifanywa mwaka mzima inakuwa kitu kingine. Nilipenda kuwa peke yangu niliyesimama na upawa huku wengine wote wamekaa. Nilipenda mkiniita Mama. Na siku ile ukumbini nilivaa kitenge kipya kwa sababu nilijua mtasimama wote na watu wataona. Nilikuja kupokea makofi yangu. Nilipoyakosa nikapanda ndege, nikamwandikia mkeo kwamba ni magoti. Magoti yangu hayana neno, napanda nayo mlima wa hapa kwenda kanisani. Naona aibu kuliko wewe, na mimi ni mtu mzima.

Jina lako sitampa Nyambura. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Ila akiniuliza ana kwa ana, "Je, Kibet anakula kwako?" sitamdanganya, maana naye ni mwanangu. Fanya haraka.

Mama Haika


Kibosho, Moshi
17 Desemba 2024

Mwanangu Nyambura,

Marahaba. Majina sitakupa, wala usiniombe tena.

Lakini nakupa ushauri, hata kama hujauomba. Wewe umetoa uamuzi kwenye chumba cha wakubwa ukauleta kwa majirani, na hilo ni jambo jema, sitasema vingine. Ila jirani ana macho, na mwenye macho anaogopewa kuliko mkubwa aliye mbali. Mkubwa akijua huna chakula, atasahau kabla ya kufika nyumbani. Jirani akijua, utakutana naye kesho dukani. Weka pazia. Weka sanduku na karatasi, kila mtu aingie peke yake aandike anachotaka. Hata rais huchaguliwa nyuma ya pazia, na hakuna anayemwita mpiga kura mnafiki.

Neno lile la unafiki, ulichukue urudi nalo nyumbani, ulikalie kidogo. Usilitumie kwa watu usiowajua. Unaweza kuwa unawajua.

Krismasi njema kwako, Kibet na watoto.

Mama Haika


Kenton, London
20 Januari 2025

Mama Haika,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilinichoma, sitaki kuficha. Nilikaa nayo mpaka sikukuu zikapita ndipo nikakubali kwamba la pazia ni kweli. Nikaliandika vizuri, nikalipeleka kwa kamati ya majirani, kwa sababu siku hizi kila jambo linapita kwao, mimi mwenyewe nilitaka hivyo.

Wamelikataa! Poonam peke yake ndiye aliyenitetea. Wengine wakanirudishia maneno yangu yote, neno kwa neno, yale ya mwaka jana: ukumbi mmoja, kila mtu aonekane, hakuna mlango wa nyuma. Kocha wa klabu ya mpira akauliza, "Dada Nyambura, mtu mwaminifu anaficha nini?" Nikafungua mdomo, nikakuta jibu lililopo mle ni lile lile nililokuandikia wewe Novemba. Nikaufunga. Jennifer alinipigapiga begani akasema ndiyo ladha ya demokrasia. Kwa hiyo Februari ni mikono tena.

Habari njema ni kwamba Meza imefunguliwa. Sijui ni nani wanaoiendesha. Nikimwuliza Poonam anacheka tu anabadilisha mazungumzo. Nami tangu mwaka uanze Jumatano ni siku yangu ya kwenda ofisi ya mjini, siwezi kupita. Nasikia ugali una mabonge lakini watu wanajaa.

Kibet hajambo, anakusalimu. Siku hizi anarudi ananukia vitunguu mpaka shati la ndani. Ati kiwandani wameanza kuoka mikate ya vitunguu. Nimemwambia alete mmoja tuonje, anasahau kila siku. Nimefurahi lakini, kwa sababu amechangamka. Juzi nilimkuta anaosha vyombo bila kuambiwa, anapiga mluzi. Nikamwuliza, "Wewe, umeokoka?"

Niombee kwa ajili ya Februari. Sioni mikono itatoka wapi.

Nyambura


Kenton, London
18 Februari 2025

Mama Haika,

Shikamoo.

Meza imepata. Kodi ya mwaka mzima na jiko jipya. Nakwambia hilo kwanza ili upumue, kwa sababu yanayofuata si ya furaha, na sina mwingine wa kumwambia. Nadhani wewe unajua nusu yake tayari. Nadhani ulijua tangu mwanzo. Sikulaumu.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko mara ile. Jennifer alileta wageni kutoka mifuko mingine waje kujifunza kwetu, wamekaa mstari wa mbele na daftari zao. Nilikuwa nimetengeneza nywele. Tukapitia klabu ya mpira, tukapitia kwaya, tukafika kwa Meza ya Jumatano. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mwenyewe yuko safarini, je, nani atasema kwa niaba yake? Niliona Poonam anageuka kutazama nyuma. Halafu kiti kikakwaruza sakafu, akasimama mtu mwenye jaketi la kiwanda cha mikate.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekuja kunisaidia, kunijazia pengo, kama siku zote.

"Mimi nakula pale," Kibet akasema. "Tangu Aprili. Kazi iliisha nikaona haya kusema. Mkutano ule mwingine nilikuwa hapa, nimekaa kiti kile, sikuinua mkono. Sasa naosha sufuria na nakata vitunguu. Ugali wetu bado una mabonge. Lakini ni Meza yetu, na tunaomba isifungwe."

Watu wengine wakacheka kwa lile la mabonge, kicheko kizuri tu. Wanawake wa kanisani walikuwa wananiangalia, wale wale ninaowahubiria habari za mume wangu. Jennifer alikuwa ananiangalia. Mama, nilitamani aketi. Nilitamani asiwe amesema. Hakuna hata chembe ya huruma iliyonijia wakati ule, nakuapia, nilijihurumia mimi. Na unajua nilifanya nini? Nikatabasamu lile tabasamu la kazini, nikasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza kizuri: "Asante sana kwa huyo bwana wa nyuma. Kuna mwingine?"

Huyo bwana wa nyuma. Mtu niliyezaa naye.

Aliniangalia kidogo, akaketi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nilipouliza nani anaunga mkono, mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda, ukakaa juu peke yake kwa muda ambao mimi nilisoma karatasi isiyo na kitu. Halafu ukapanda wa Gires. Halafu mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye nilikaa naye kanisani miaka yote. Halafu mama mmoja wa klabu ya mpira, taratibu, kama anayetoa mkono ndani ya maji. Kila mmoja alikuwa akiangalia kwanza nani mwingine ameinua. Mwisho nikashindwa kuihesabu nikamwomba Poonam anisaidie, nikasingizia macho. Wale wageni wa Jennifer walipiga makofi wamesimama. Wanasema wataandika habari zetu.

Tulirudi kwa basi. Alinibebea kitambaa changu cha ukutani, amekikunja vizuri.

Nimekuwa nikijiuliza kama kweli sikujua. Mke anajua harufu ya kitunguu cha kukaanga na harufu ya mkate. Alipokosa kuniletea ule mkate mara ya kwanza, ya pili, ya tano, kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinaniambia usiulize. Kwa sababu ningeuliza, ningejua, na ningejua, ningesimamaje kanisani? Niliwaita watu wanafiki, Mama. Nilikuandikia kwa wino.

Nyumbani nilimwomba msamaha. Watoto walikuwa sebuleni, nikafunga mlango wa jikoni na kufungua redio ili wasisikie. Nilipiga magoti. Akaniinua, akasema, "Yameisha, Nyambura. Hata mimi nilinyamaza." Ni mtu mwema, wewe uliujua wema wake wakati mimi najivunia mshahara wake. Watoto tuliwaambia jana, wote wawili tukiwa tumekaa. Mkubwa akasema kwa Kiingereza kwamba walijua tangu zamani, walimwona baba yao Kingsbury wakitoka shule, wakaogopa kuniambia mimi. Kuniambia mimi.

Basi yeye amesema yameisha, lakini hayajaisha. Nilimkana mbele ya ukumbi mzima na kumwomba msamaha jikoni, mlango umefungwa na redio imewashwa. Watu wote walioniona Jumamosi bado wanajua kwamba alikuwa bwana wa nyuma tu. Tumekutana nao kanisani Jumapili, wakatusalimia kila mmoja kwa upande wake.

Kesho ni Jumatano. Nimeomba ruhusa ofisini. Nitaingia Mezani saa ile watu wamejaa, wakati yeye yuko kwenye sinki na mgongo ameupa ukumbi, na nitasimama mahali watakaponiona wote niseme kwamba huyu anaitwa Kibet na ni mume wangu. Hakuna kipaza sauti mle, itabidi nipaaze. Nimejaribu kuyasema tangu asubuhi, nikiwa peke yangu chumbani. Ni maneno machache tu, mtoto mdogo anaweza kuyasema. Kila nikifika kwenye jina lake narudi mwanzo.

Nyambura